Rekodi Ipi Iliyo Bora? Namna ya Kuchagua na Kuisikiliza Misa ya Wafu ya Mozart



Wapendwa waamini, katika mwezi wa Novemba, ambao Mama Kanisa anautumia kwa namna ya pekee kuwaombea marehemu wetu, mwalimu mmoja wa kwaya alinijia baada ya Misa ya asubuhi. Alikuwa amefiwa na mkewe miezi mitatu iliyotangulia. Tulipomaliza kusalimiana, aliweka simu yake mezani, akasema: “Padri, nimeitafuta ile Misa ya Wafu ya Mozart kwenye intaneti. Nimepata nyingi mno, na kila moja imeandikwa kuwa ndiyo bora. Moja inakimbia, nyingine inatambaa, nyingine imekatika katikati. Mimi naomba unipe moja tu, ile iliyo bora kabisa, niisikilize siku ya kumbukumbu ya mama watoto.”

Sikuweza kumjibu papo hapo. Nilipokuwa seminarini tulikuwa na kanda moja tu ya kazi hiyo, nasi tuliamini kwamba hivyo ndivyo Mozart alivyoiandika na kwamba hakuna namna nyingine ya kuiimba. Ilinichukua miaka kutambua kwamba kanda ile ilikuwa tafsiri mojawapo miongoni mwa nyingi, na kwamba zote hazisemi jambo lilelile kwa namna ileile. Makala haya ni jibu nililompa mwalimu yule, nikilipanua kidogo kwa faida ya wanakwaya na waamini wote wanaopenda muziki mtakatifu na ambao mara nyingi hujikuta mbele ya orodha ndefu ya rekodi bila kujua waanzie wapi.

Niseme mapema ninakoelekea. Hakuna rekodi moja iliyo bora kwa watu wote na kwa nyakati zote. Lakini hilo halimaanishi kwamba zote ni sawa. Yako maswali machache ambayo mtu akiyauliza ataacha kutangatanga, na atafahamu kwa nini rekodi moja inamgusa na nyingine inamwacha mkavu.

Kazi iliyokatishwa na kifo

Kwanza tuifahamu kazi yenyewe. Wolfgang Amadeus Mozart alizaliwa Salzburg tarehe 27 Januari 1756, akabatizwa na kulelewa katika Kanisa Katoliki. Katika majira ya kiangazi ya mwaka 1791, akiwa Vienna, alipokea ombi la kutunga Misa ya Wafu. Mwombaji hakujitambulisha. Leo tunajua kwamba alikuwa mtawala mdogo wa Austria, Franz von Walsegg, ambaye mkewe kijana, Anna, alikuwa amefariki tarehe 14 Februari ya mwaka huohuo. Walsegg alipenda kuagiza tungo za watu na kuziimbisha kana kwamba ni zake. Ndiyo sababu aliificha habari hiyo. Hata hivyo, chini ya udhaifu huo wa kibinadamu palikuwa na mume aliyetaka mkewe aombewe.

Mozart alilipwa sehemu ya malipo kabla ya kazi. Akaanza kuandika, lakini ugonjwa ukamzidi, naye akafariki tarehe 5 Desemba 1791 akiwa na umri wa miaka 35, kazi ikiwa haijakamilika. Hapa tuondoe uzushi mmoja: si kweli kwamba mtunzi mwenzake, Antonio Salieri, alimwua kwa sumu au kumlazimisha kuandika Misa hiyo. Simulizi hilo lilienezwa na mchezo wa kuigiza wa Pushkin wa mwaka 1830, na katika zama zetu na filamu ya Amadeus ya mwaka 1984. Filamu ile ina muziki mzuri, lakini haifai kuwa kitabu cha historia.

Je, Mozart aliacha nini mezani? Sehemu ya kwanza tu, ile ya kuingilia, ndiyo aliyoikamilisha yote, sauti na vyombo. Katika Kyrie, katika sehemu nyingi za Sekwensia ya Dies irae, na katika nyimbo za kutolea vipaji, aliandika sauti nne za kwaya, besi ya kinanda, na vidokezo vichache vya vyombo vingine. Katika Lacrimosa, sehemu ambayo wengi wetu huifahamu zaidi, mkono wake uliishia kwenye vipimo vinane vya mwanzo. Sanctus, Benedictus na Agnus Dei hazikukutwa kabisa katika hati yake.

Mjane wake, Constanze, alikuwa na watoto wawili wadogo na madeni. Kazi isipokamilika, angedaiwa fedha zilizokwisha kulipwa. Akamwomba kwanza Joseph Eybler, ambaye alianza kujaza vyombo, kisha akashindwa kuendelea. Kazi ikamwangukia Franz Xaver Süssmayr, kijana aliyekuwa karibu na Mozart katika miezi yake ya mwisho. Yeye ndiye aliyeikamilisha. Mwaka 1800 alieleza kwa barua kwamba Sanctus, Benedictus na Agnus Dei zilikuwa utungo wake mwenyewe. Kwa wimbo wa Komunyo alirudia muziki wa mwanzo wa Mozart kwa maneno mengine, hivi kwamba Misa inafungwa kwa sauti ileile iliyoifungua.

Swali la kwanza: ni nani aliyeikamilisha?

Kutokana na historia hiyo, swali la kwanza la kuuliza kuhusu rekodi yoyote ya Misa hii ni hili: inafuata toleo la nani? Rekodi nyingi, hasa zile za zamani, hufuata toleo la Süssmayr. Limetumika kwa zaidi ya miaka mia mbili, nalo lina heshima ya kutoka katika nyumba ya Mozart mwenyewe. Wataalamu, hata hivyo, wameona ndani yake makosa ya kiufundi na vyombo vilivyolundikwa bila sababu.

Katika miaka ya 1970 mwanamuziki wa Ujerumani, Franz Beyer, alitoa toleo lililosafisha vyombo vya Süssmayr bila kubadili utungo wenyewe. Nikolaus Harnoncourt alilitumia katika rekodi yake ya mwaka 1981 pamoja na kundi lake la Concentus Musicus Wien. Mwingereza Richard Maunder alikwenda mbali zaidi: aliondoa Sanctus na Benedictus kwa sababu si za Mozart, naye akaongeza Amina kwa mtindo wa fuga mwishoni mwa Lacrimosa. Fuga ni utungo ambamo sauti moja huanza na wazo, nyingine ikalichukua, kisha ya tatu na ya nne, kama watu wanaopokezana habari. Mchoro mfupi wa Amina hiyo, ulioandikwa kwa mkono wa Mozart, uligunduliwa Berlin katika miaka ya 1960. Christopher Hogwood alirekodi toleo la Maunder mwaka 1983.

Mmarekani Robert Levin naye, katika kuadhimisha miaka 200 ya kifo cha Mozart mwaka 1991, alitoa toleo linalohifadhi muundo wa Süssmayr lakini linasahihisha palipolegea na kuikamilisha Amina. Ukitaka kulisikia, tafuta rekodi ya Charles Mackerras na Scottish Chamber Orchestra, au ile ya Bernard Labadie na kundi la Les Violons du Roy kutoka Québec, Kanada.

Msikilizaji wa kawaida ananufaikaje na haya? Ananufaika hivi: akisikia rekodi moja ina Amina ndefu baada ya Lacrimosa na nyingine haina, au akikuta rekodi isiyo na Sanctus, hatadhani kwamba simu yake imeharibika au kwamba amedanganywa. Atajua kwamba kazi hii ni jengo ambalo fundi mkuu alifariki kabla ya kuezeka, na kila aliyepanda juu baadaye ameezeka kwa namna yake.

Swali la pili: wanaimba wangapi, na kwa vyombo gani?

Mozart alichagua vyombo vyenye giza. Hamna filimbi wala zumari za sauti ya juu. Pana kilarineti mbili za sauti nene ziitwazo basetihoni, basuni mbili, tarumbeta mbili, tromboni tatu, ngoma za timpani, vyombo vya nyuzi na kinanda. Rangi hiyo ya sauti ni sehemu ya sala yenyewe: ni sauti ya watu waliovaa nguo za msiba.

Kwa muda mrefu katika karne ya 20, kazi hii iliimbwa na kwaya kubwa sana na okestra kubwa za kisasa. Mfano mzuri ni rekodi ya Karl Böhm ya mwaka 1971 pamoja na Vienna Philharmonic na kwaya ya opera ya jijini humo. Herbert von Karajan naye aliirekodi zaidi ya mara moja, akiwa na Berlin Philharmonic na baadaye, mwaka 1986, akiwa na okestra ileile ya Vienna. Katika rekodi hizo utasikia ukuta wa sauti, mzito na wenye fahari. Uzuri wake ni utukufu na hofu takatifu. Hasara yake ni kwamba maneno ya Kilatini mara nyingi humezwa, na basetihoni hufunikwa na vyombo vya nyuzi.

Baadaye lilikuja kundi la wanamuziki waliotaka kurudia vyombo na idadi ya watu inayokaribia ile ya wakati wa Mozart. Ndio akina Harnoncourt, Hogwood, na John Eliot Gardiner, aliyeirekodi mwaka 1986 pamoja na Monteverdi Choir na English Baroque Soloists. Kwaya zao ni ndogo, nyuzi hazilii kwa mtetemo mwingi, na sauti nzima hukaa chini kidogo ya ile tuliyoizoea leo. Hogwood aliwatumia wavulana wa kwaya ya Kanisa Kuu Katoliki la Westminster, London, katika sauti za juu, kwa kuwa katika makanisa mengi ya zama za Mozart sauti hizo ziliimbwa na wavulana. Hapa kila neno linasikika, na kila sauti inaweza kufuatwa peke yake. Wapo wanaosema kwamba rekodi hizi ni kavu. Wengine husema kwamba ndipo walipoisikia Misa hii kwa mara ya kwanza.

Kwa walimu wa kwaya zetu jambo hili lina uzito wake. Nimewahi kuisikia kwaya ya watu thelathini ikijitahidi kuiga rekodi ya watu zaidi ya mia moja. Waimbaji walikaza koo hadi sauti zikapasuka, na uzuri waliokuwa nao ukapotea. Kwaya ndogo ijifunze kutoka kwa kwaya ndogo. Humo itaona kwamba nguvu inaweza kupatikana katika matamshi safi na katika kuanza na kumaliza pamoja, bila kupiga kelele.

Swali la tatu: mwendo wake ukoje?

Böhm anatumia zaidi ya saa moja kuimaliza Misa hii. Gardiner anaimaliza chini ya dakika 50. Nota ni karibu zilezile. Kinachotofautiana zaidi ni mwendo. Huu ndio utofauti ambao mwalimu yule aliueleza kwa maneno yake mwenyewe: moja inakimbia, nyingine inatambaa.

Mwendo si jambo la ladha tu. Unabadili maana. Ile sehemu ya kuingilia ikienda polepole sana, unasikia msafara wa mazishi: hatua nzito, jeneza mabegani. Ikienda kwa wepesi kidogo, unaanza kusikia ombi: watu wanaomlilia Mungu kwa ajili ya mwenzao, nao hawajakata tamaa. Zote mbili zimo katika imani yetu. Kanisa huomboleza, na katika kuomboleza huko hutumaini.

Nashauri msomaji ajaribu sehemu mbili tu ili kupima mwendo na hisia. Ya kwanza ni Confutatis. Humo wanaume wanaimba kwa ukali juu ya waliolaaniwa, kisha ghafla wanawake, au wavulana, wanaingia kwa sauti ya chini sana wakiomba kuitwa pamoja na waliobarikiwa. Sikiliza kama mwongozaji anaiacha tofauti hiyo isikike, au kama sauti zote ni kubwa mwanzo hadi mwisho. Ya pili ni Lacrimosa. Vyombo vya nyuzi vinaanza kwa mafundo mafupi kama mtu anayejizuia kulia, ndipo kwaya inapopanda ngazi kwa ngazi. Kwaya inayoanza kwa sauti kubwa mno haitakuwa na mahali pa kupanda.

Swali la nne: ilirekodiwa wapi, na kwa ajili ya nini?

Rekodi nyingi zimefanywa studioni au ukumbini, ambako kosa likitokea sehemu hurudiwa hadi iwe safi. Hilo si baya. Lakini kwetu sisi Wakatoliki zipo rekodi mbili zinazostahili kutajwa kwa namna ya pekee, kwa sababu ndani yake muziki huu unasikika pale ulipokusudiwa, yaani katika adhimisho la Misa.

Ya kwanza ni ya Boston, Marekani, tarehe 19 Januari 1964. Katika Kanisa Kuu la Msalaba Mtakatifu, Kardinali Richard Cushing aliadhimisha Misa ya kumwombea Rais John F. Kennedy, aliyeuawa miezi miwili kabla. Erich Leinsdorf aliongoza Boston Symphony Orchestra. Misa ilikuwa kwa Kilatini, kwa taratibu za wakati ule, na sala za altare zinasikika katikati ya sehemu za muziki.

Ya pili ni ya Vienna, tarehe 5 Desemba 1991, siku Mozart alipotimiza miaka 200 tangu kufariki. Misa iliadhimishwa katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Stefano, na Georg Solti aliongoza Vienna Philharmonic. Mahali hapo palikuwa na maana kubwa. Katika kanisa hilohilo Mozart alifunga ndoa na Constanze mwaka 1782, na hapohapo mwili wake ulifanyiwa ibada kabla ya kwenda kuzikwa.

Nikiri kwamba kiufundi hizi si rekodi safi kuliko zote. Watu wanakohoa, mwangwi wa kanisa unachanganya sauti, na kuna mahali ambapo waimbaji hawapo pamoja kabisa. Lakini humo utatambua jambo ambalo rekodi ya studioni haiwezi kukufundisha. Muziki unanyamaza ili padri asali, na sala inapokwisha muziki unaendelea pale ulipoachwa. Hapo unaelewa kwamba sehemu hizi hazikutungwa zifuatane moja kwa moja kama katika tamasha. Zilitungwa ziizunguke Ekaristi.

Namna ya kutafuta

Tukija kwenye kutafuta kwenyewe, nina mashauri manne.

Kwanza, usitafute kwa kuandika neno “bora”. Neno hilo huandikwa na yeyote anayetaka wasikilizaji. Andika namba ya kazi yenyewe, K. 626, kisha jina la mwongozaji na mwaka. Mwaka ni muhimu kwa kuwa waongozaji wengine wameirekodi zaidi ya mara moja: Harnoncourt wa mwaka 1981 si yule wa mwaka 2003, ingawa ni mtu mmoja.

Pili, jihadhari na rekodi isiyotaja majina. Inayostahili kuaminiwa hutaja mwongozaji, okestra, kwaya, waimbaji wanne wa peke yao, na mara nyingi toleo linalofuatwa. Isiyotaja chochote mara nyingi imenakiliwa na kunakiliwa tena, imekatwa, au imeharakishwa kwa mashine. Tena waimbaji wale walifanya kazi, na mfanyakazi anastahili ujira wake. Ikiwezekana, sikiliza kupitia njia halali zinazowalipa.

Tatu, usiihukumu rekodi kwa spika ya simu. Spika hiyo ndogo haiwezi kutoa sauti za besi wala tromboni, na katika Misa hii besi ndiyo msingi ambao Mozart mwenyewe aliuandika. Tumia spika za masikioni, hata za bei nafuu, au spika kubwa ya parokia wakati wa mazoezi. Rekodi uliyoidharau huenda ikawa mpya kabisa.

Nne, linganisha kipande kifupi. Usijaribu kusikiliza Misa nzima mara tano; utachoka kabla hujajifunza. Chukua dakika tatu za Lacrimosa katika rekodi tatu: kwa mfano Böhm, Gardiner na Labadie. Shika mkononi maneno ya Kilatini pamoja na maana yake kwa Kiswahili. Padri, mtawa au katekista wako anaweza kukusaidia. Kisha jiulize: katika rekodi ipi nimesikia maneno? Katika ipi nimetamani kusali? Jibu lako ndilo mwanzo wa kuchagua.

Rekodi haiimbi badala yetu

Sina budi kugusa jambo la kichungaji. Siku hizi familia nyingine huomba rekodi kama hii ipigwe kwa spika wakati wa Misa ya mazishi. Nia yao ni njema, lakini Kanisa limelikataa jambo hilo kwa sababu nzito. Maagizo juu ya muziki mtakatifu ya mwaka 1958, chini ya Papa Pius XII, yalikataza vyombo vinavyojipiga na mashine za kutoa sauti kushika nafasi ya waimbaji katika Liturujia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 kuhusu Liturujia, umeutaja muziki mtakatifu kuwa hazina ya kutunzwa na kukuzwa, na papo hapo umesisitiza ushiriki hai wa waamini. Mashine haisali. Mwanakwaya wa kigangoni aliyepoteza nota moja anasali.

Ifahamike pia kwamba Sekwensia ya Dies irae, ambayo Mozart aliitungia sehemu sita, si sehemu ya Misa ya mazishi kama inavyoadhimishwa kwa Misale iliyotolewa baada ya Mtaguso. Katika Liturujia ya Vipindi imewekwa kama utenzi unaoweza kutumika katika juma la mwisho la mwaka wa Kanisa. Kwa hiyo, hata kwaya yenye uwezo mkubwa isiibebe kazi hii nzima na kuiingiza katika mazishi bila kushauriana na paroko. Mahali pake pazuri leo ni tafakari ya jioni katika mwezi wa marehemu, tamasha la muziki mtakatifu, au chumbani kwa mtu anayemkumbuka mpendwa wake.

Jibu alilolipata mwalimu

Narudi kwa mwalimu wa kwaya. Sikumpa rekodi moja kama alivyoomba. Nilimpa majina matatu, Böhm, Gardiner na ile ya Vienna ya mwaka 1991, pamoja na karatasi yenye maneno. Nikamweleza pia habari za Walsegg, kwamba Misa hii iliagizwa na mwanaume aliyefiwa na mkewe. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema: “Kumbe ilikuwa ya mtu kama mimi.”

Alirudi baada ya wiki mbili. Alisema kwamba rekodi ya Gardiner hakuivumilia: “Hawa wanakimbia msiba, Padri.” Alikuwa akisikiliza ya Böhm kila usiku, ule mwendo mzito, kwa sababu ndivyo moyo wake ulivyokuwa ukitembea. Nikamwacha. Mwaka ulipokaribia kwisha alikuja tena kuandikisha nia ya Misa ya kumbukumbu. Nilipomwuliza atasikiliza ipi siku hiyo, alinijibu kwamba ameirudia ile ya Gardiner, na safari hii hakusikia watu wanaokimbia. Amesikia watu wanaoomba, na maneno yao ameyaelewa yote. Ya Böhm hajaitupa, ila haihitaji kila siku.

Rekodi zilikuwa zilezile. Aliyebadilika ni msikilizaji, kwa neema ya Mungu na kwa kazi ya muda. Ndiyo maana ninasita mtu anaponitaka nitaje rekodi iliyo bora kabisa: sijui moyo wake umefika wapi katika safari.

Siku ya kumbukumbu yenyewe hatukupiga rekodi yoyote kanisani. Kwaya yake iliimba nyimbo za marehemu kwa Kiswahili, zile tunazozijua sote, na mwalimu akaongoza kwa mkono usiotetemeka. Mozart alimsubiri nyumbani, jioni, baada ya wageni kuondoka.

Wapendwa, katika mwezi huu wa Novemba tutembelee makaburi, tutolee Misa kwa ajili ya ndugu zetu, na yule mwenye nafasi aisikilize walau sehemu moja ya kazi hii, akiwa na maneno mkononi na jina la marehemu wake moyoni. Aliyeiagiza alikuwa akiomboleza, aliyeitunga alifariki akiiandika, na kijana aliyeikamilisha aliifanya ili mjane asidaiwe. Tuwaombee nao pia.

Mungu awabariki nyote.